Jinsi ya Kurudi Nyumbani na Mtoto Mchafu

Mzazi mwenzangu, kabla hujafika bustani ya miti ya Chagaik, amua jambo moja: leo nguo zitachafuka. Liamue mkiwa bado nyumbani, tena ulitamke mbele ya mtoto ili ajue ruhusa imetoka kwa nani. Mtoto asiyeambiwa atazunguka bustani nzima ameshikilia pindo la sweta yake. Mtarudi Kericho mjini safi salama, nauli imekwisha, na hakuna alichokiona zaidi ya mgongo wako.

Sisi watu wa nchi ya chai tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia habari za kituo cha watoto cha kujifunzia mazingira, mahali pa kushika, kunusa na kuuliza, mawazo yetu hupanda basi la Nairobi. Tunaweka akiba mwaka mzima ili mtoto akamlishe twiga kwa mkono wake pale Giraffe Centre, Lang'ata, iliyofungua milango mwaka 1983. Au tunangoja safari ya Mombasa akaone Haller Park, yale machimbo ya saruji ya Bamburi ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971 hadi yakawa msitu. Ni mahali pazuri, na ukijaliwa, mpeleke. Lakini siku unayopanda basi kwenda Nairobi, familia ya Nairobi inapishana nawe pale Mau Summit ikija Kericho kuona ulichokiacha mlangoni.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa wenyeji: wa Litein na Kapkatet, wa Sotik, wa Silibwet na Mogogosiek, na wa Kericho mjini kwenyewe, ambako kuna watoto wanaopita kando ya chai kila siku kwenda shule na hawajawahi kuvunja jani lake wakalinusa.

Anza na Chagaik. Bustani hiyo ya miti iko kama kilomita 8 kutoka mjini, upande wa barabara ya Nakuru. Ilipandwa baada ya Vita Vikuu vya Pili na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley, na miti yake ilitoka pembe nyingi za dunia. Nyasi zinateremka hadi kwenye bwawa lenye mayungiyungi, mianzi imesimama ukingoni, na ukitulia utawaona mbega juu. Usitafute skrini za kubonyeza wala sanamu za plastiki. Kazi ambayo kwingine ingefanywa na mwelekezi aliyevaa fulana yenye nembo, hapa utaifanya wewe, na usiogope. Haihitaji digrii.

Saa na mizigo

Ondokeni asubuhi. Hili halina mjadala. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na karibu kila mchana hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huja ikipanda miinuko yetu, hukutana na pepo za mashariki, hupoa, na ikifika saa nane au tisa inamwagika. Akina Kiprop na Cherop, waliozaliwa mvua ikinyesha, wamejaa madarasani mwetu kwa sababu hiyo. Mzazi anayepanga kuondoka baada ya chakula cha mchana amepanga kukaa ndani ya gari akifuta vioo.

Lakini mvua ikiwakuta, usiihesabu kuwa hasara. Ngurumo ikianza, tokeni chini ya miti na mbali na bwawa, ingieni ndani ya jengo au gari. Na ikiwa ni ile mvua ya mawe ambayo huku hatuhitaji kutambulishwa, ngoja itulie, kisha mwache mtoto aokote jiwe moja kubwa, alipasue kwa kisu ukiwa umemshikia mkono. Ndani ataona tabaka za barafu, nyeupe na angavu zikipokezana, kwa sababu jiwe lile lilipandishwa na kushushwa ndani ya wingu, likaongezewa ganda, mpaka likawa zito mno kwa wingu kulibeba. Kisha mpeleke akaone majani ya chai yaliyotobolewa. Ataelewa kwa nini babu yake hukunja uso akisikia mabati yakipigwa.

Mizigo ni michache. Gambuti kwa kila mtoto, na kwa kila mtu mzima anayejipenda. Nguo za kubadilisha ndani ya mfuko usiopitisha maji. Chupa pana ya kioo au ya plastiki angavu yenye kifuniko. Lenzi ya mkononi, kile kioo cha kukuzia; ya bei ya chini inatosha kabisa. Leso moja nyeupe, au shuka kuukuu. Mahindi ya kuchemsha, mandazi, chai ya maziwa kwenye chupa, na maji ya kunywa na kunawa. Chakula kibaki kimefungwa hadi wakati wa kula, kwa maana tumbili wakiona mfuko wa plastiki hawaulizi wa nani. Wala usiwatupie kitu. Tumbili aliyezoea chapati za wageni huishia kuwanyang'anya watoto, na halafu hufukuzwa kwa mawe kwa kosa tulilomfundisha sisi.

Simu iwe moja, ya dharura, mfukoni mwa mtu mmoja. Najua ugumu wake. Chai inapendeza kwenye picha, na shangazi wa Nairobi anataka kuona. Pigeni picha moja ya familia mkifika, nguo zikiwa bado safi, muitume, kisha simu ilale. Mtoto anayeambiwa kila dakika asimame, atabasamu, asogee kushoto, anajifunza kusimama, kutabasamu na kusogea kushoto.

Maneno ya kuacha nyumbani

Neno la kwanza ni “Usiguse!” Hesabu mara unazolisema kwa siku, utashtuka. Linatutoka lenyewe, hata mbele ya konokono. Mahali pa kujifunza kwa mikono, neno hilo lina kazi chache tu, na ni vizuri ulihifadhi kwa ajili ya hizo ili likitoka mtoto asimame kweli.

Kazi ya kwanza ni maji. Bwawani mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kuwatazama watoto, bila gumzo na bila simu, na mpokezane. Kazi ya pili ni siafu. Kabla hamjatandika leso pale nyasini, mwambie mtoto mkubwa azunguke akague ardhi. Akiona mstari mweusi unaotembea, mtazameni kwa umbali wa hatua mbili: askari wenye vichwa vikubwa na taya wamesimama pembeni, wadogo wanapita katikati wakibeba mayai na mawindo. Ni somo zuri sana ukiwa umesimama. Ukiwa umeketi juu yake, litaisha kwa familia nzima kuvua suruali. Kazi ya tatu ni mdomo: hakuna jani, tunda wala uyoga unaoingia kinywani bila mtu mzima anayeujua kwa jina. Na kama kuna upupu kando ya njia, uonyeshe kwa kidole na upite.

Baada ya hapo, mwache. Mti ana ruhusa ya kuukumbatia, gome ana ruhusa ya kulipapasa, tope ana ruhusa ya kulikanyaga na kulisikia likimvuta gambuti.

Neno la pili la kuacha nyumbani ni “Hii inaitwaje?” linapotoka kwa sauti ya mtihani. Tumelishika kutoka shuleni na tunadhani ndiyo elimu. Mtoto ameinama, amekazia macho mdudu mwenye miguu ya dhahabu, na sisi tunamkatiza tukimtaka aseme jina lake kwa Kiingereza, tena alitaje herufi kwa herufi. Mdudu ameruka, na mtoto ameambulia swali. Uliza ambalo hata wewe hulijui jibu lake: anakula nini huyu? Anatoka wapi hilo povu? Kwa nini upande huu wa mti una kuvu na ule hauna? Kisha nyamaza. Ukimya wa mzazi ndio kifaa kinachokosekana zaidi katika safari hizi, na hakiuzwi dukani.

Mambo ya kufanya kwa mikono

Tandika ile leso nyeupe chini ya kichaka, shika tawi, litikise kwa nguvu mara tatu. Wataanguka wageni ambao hukujua wapo: buibui wa kijani, viwavi wanaojipima urefu wanapotembea, mbawakawa wadogo wanaojifanya wamekufa kwa muda kisha wanatimua mbio. Mpe mtoto lenzi. Mfundishe kuileta karibu na jicho na kusogeza kichwa, sio kuinyoosha mbali. Mwache apige magoti. Mkimaliza, inueni leso taratibu mkaikung'ute palepale pa kichaka, wenye nyumba warudi kwao.

Mbega watajionyesha wenyewe mkipunguza sauti. Nyeusi na nyeupe, manyoya marefu ya mgongoni yanaelea wanaporuka. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe kote, kwa hiyo ukiona kitu cheupe kimeng'ang'ania tumboni mwa mama yake, mwonyeshe mwanao haraka. Kisha mweleze kuwa mbega hana kidole gumba cha maana. Kimebaki kinundu tu. Hapo mwambie akunje gumba lake ndani ya kiganja na ajaribu kuning'inia kwenye tawi la chini kwa vidole vinne. Ataning'inia, na atagundua mwenyewe kuwa gumba halihitajiki sana kwa kuning'inia. Sasa mwambie, bado amelikunja, achume jani moja la chai. Hapo atahangaika. Somo hilo la mkono, kuhusu mnyama aliyezaliwa kuruka na mtu aliyezaliwa kuokota, litachukua dakika tano na halihitaji kitabu.

Kwa kinyonga itabidi mzazi ajikaze. Wengi wetu tulikuzwa tukiambiwa ana sumu, ana mkosi, usimtazame machoni. Hana sumu, maskini, na mkosi wake mkubwa ni sisi na fimbo zetu. Hakuna haja ya kumtoa mtini. Sogeza kiganja mbele yake na umngoje. Akitaka atapanda, mguu mmoja kwa wakati, vidole vimegawanyika mafungu mawili vikishika ngozi kwa nguvu inayoshangaza. Jicho moja linakutazama wewe, jingine linamtazama mtoto. Baadhi ya vinyonga wa nyanda za juu hawatagi mayai, huzaa watoto wanaotembea, maana baridi ya huku si rafiki wa yai lililofukiwa udongoni. Kama wewe ndiye unayeogopa, sema wazi kuwa unaogopa, kisha usogee nyuma umwache mwanao. Hofu ya kinyonga tumeirithishana kwa mayowe ya watu wazima, na inaweza kukomea kwako.

Halafu bwawani. Ukingoni, penye maji ya kifundo cha mguu, mzazi ajaze ile chupa mwenyewe na kuipandisha nyasini. Iwekeni juu ya leso, jua likipita ndani yake, msubiri tope litulie. Viluwiluwi watajitokeza, na ukibahatika utapata mmoja mwenye miguu ya nyuma na mkia bado. Kereng'ende mchanga naye huishi majini kabla ya kupata mabawa, na ni mwindaji mkali. Mwache mtoto amuone akitega. Baada ya robo saa, wote wanarudi walikotoka. Mtoto atalia kidogo. Atataka kwenda nao Kericho mjini. Kataa, na mweleze kwa nini.

Hapa ndipo ninapomtaja Wangari Maathai kila ninapozungumza na wazazi. Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel kule Oslo, Desemba 2004, mbele ya mfalme na mabalozi, alimalizia hotuba yake kwa kijito cha utotoni. Alisimulia jinsi alivyocheza katikati ya majani ya nduma akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga, na kila alipoyainua kwa vidole yalikatika. Baadaye aliona viluwiluwi wakiogelea pale pale. Kisha akawaambia kuwa kijito kile kilikuwa kimekauka. Mwanamke aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kuitetea misitu alikuwa ameyagusa maji yale kwanza. Kama mama yake angesimama ukingoni akipiga kelele za nguo kuchafuka, sijui nani angeupigania msitu wa Karura.

Chai nayo ni mmea

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mtoto wa Bomet anajua chai kwenye kikombe, na anajua chai kama rangi ya kijani dirishani mwa matatu. Katikati ya hivyo viwili hakuna kitu. Na bahati yake ni kwamba bibi yake, kogo, ana shamba.

Mpeleke kwa kogo. Usiingie kwenye shamba la kampuni bila ruhusa. La kogo lina ruhusa tangu ulipozaliwa. Mwombe yeye ndiye afundishe, wewe uwe mwanafunzi wa pili. Atamshika mtoto kidole na kumwonyesha majani mawili na chipukizi, yale tu, na jinsi ya kuyavunja kwa kukunja, bila kuvuta, bila kucha. Nusu saa inatosha. Hiki ni kichezeo na somo, na kazi ya shamba ni ya watu wazima. Kogo atakuunga mkono. Mtoto atajaza mkono mmoja huku kogo amejaza kikapu, na hapo ataanza kuheshimu mgongo wa bibi yake.

Mwonyeshe pia maua ya mchai, meupe yenye kitovu cha manjano, yanayojificha chini ya majani ya juu. Mwambie kuwa mmea huu unaomfikia kiunoni ungeachwa bila kupogolewa ungekuwa mti wa mita 10 au zaidi. Hataamini. Kuna shamba lililotelekezwa karibu na kila kijiji. Mpeleke akainue kichwa.

Sasa tengenezeni chai yenu wenyewe. Chukueni majani mliyochuma, myatandaze kwenye ungo ndani ya nyumba usiku kucha, yanyauke. Asubuhi yatakuwa laini, yanakunjika bila kuvunjika. Mpe mtoto ayasugue kati ya viganja kwa nguvu, mpaka yatoe maji na viganja vigeuke kijani na kunata. Myarundike tena kwenye ungo na mngoje. Hapa usimwache aondoke. Katika saa moja hivi rangi itaanza kuhama mbele ya macho yake, kijani kikiingia ukahawia, kisha rangi ya shaba, na harufu ya nyasi mbichi itaondoka ije harufu ya chai. Mweleze: jani lilipopondwa, vimeng'enya vyake vilikutana na hewa, oksijeni ikafanya kazi yake. Kiwandani hufanyika vivyo hivyo, ila kwa mashine zinazokata na kuviringisha. Mkisharidhika na rangi, kausheni kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mkikoroga bila kupumzika. Kilo moja ya chai kavu huhitaji kati ya kilo 4 na 5 za majani mabichi, kwa hiyo mkono wake mmoja utatoa kijiko. Kichemsheni kijiko hicho. Kitakuwa kikali kidogo na hakitafanana na cha dukani. Atakinywa chote.

Kama jirani amepanda ile chai ya zambarau ambayo watafiti wa chai wa Kericho waliwatolea wakulima mwaka 2011, omba majani machache. Chemsheni, kisha mkamulie limau. Rangi itageuka waridi papo hapo, na mtoto atadai limau ya pili, na ya tatu.

Kabla hamjaondoka kwa kogo, ombeni awaonyeshe senetwet, kichaka chenye mashada ya maua ya manjano yaliyosimama wima. Sugua jani lake vidoleni: linanukia bisi. Halitafunwi, ni la kunusa tu, na makaa ya mti wake ndiyo kogo anayosugulia ndani ya sotet kabla ya kumimina maziwa ya mursik. Mtoto aliyeshika kibuyu hicho, akaingiza pua ndani yake, akanusa moshi, amefundishwa mimea, kemia na ukoo wake kwa pamoja. Na mwulize agui, yaani babu, akiwepo, mnyama wa ukoo wenu ni yupi. Kuna koo za simba, za nyuki, za korongo taji. Ukoo wako ukiwa wa korongo, kinamasi anamotagia ni jambo la kifamilia.

Maswali yatakayowashinda

Mpeleke siku moja mahali chai inapokutana na msitu wa Mau. Kuna ule mkanda wa Nyayo Tea Zones ulioanza kupandwa mwaka 1986 ili kuzuia watu wasiusogelee msitu. Ni mahali pazuri pa jaribio hili. Asimame kwenye chai, afumbe macho, ahesabu sauti tofauti anazosikia kwa dakika moja. Kisha asogee ukingoni mwa msitu na kurudia. Akimaliza, mwache aseme mwenyewe tofauti aliyoipata. Tumewalea watoto wakidhani kila kilicho kijani ni mazingira mazuri. Chai ni kijani, inatulisha, nami naipenda, lakini msitu haukuondolewa hapa bila gharama, na mtoto anaweza kuihesabu gharama hiyo kwa masikio yake.

Kule Bomet, mpeleke Nyangores, mto unaoporomoka pale Tenwek na kupita kando ya mji. Mkisimama mahali salama, adondoshe jani moja majini na mlisindikize kwa macho. Mwambie njia yake: Nyangores hukutana na Amala na kuwa Mara, Mara hupita palipo na viboko na mamba, pale nyumbu wanapovuka, huingia Tanzania, hukatiza Serengeti, na baada ya safari ya karibu kilomita 400 humwaga maji Ziwa Victoria, na kutoka ziwani ni Naili hadi Misri. Kisha mwulize ingekuwaje iwapo mtu angeosha ndoo ya dawa ya ng'ombe palepale aliposimama. Usimjibie.

Naye atauliza yake. Nani alipanda chai yote hii? Na kabla ya chai palikuwa na nini? Mjibu ukweli kwa kipimo cha umri wake. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba yao makubwa miaka ya 1920, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, Wakipsigis, walioondolewa. Ukoo wa Talai ulihamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, mbali, ufukweni mwa ziwa. Ukikutana na mashine ya kuchumia chai ikinguruma shambani, atauliza wale mama wenye vikapu wameenda wapi. Hilo nalo ni swali la mazingira, na mwezi Mei 2023 watu wazima waliliuliza Kericho kwa moto, wakateketeza mashine hizo. Mtoto anayeruhusiwa kugusa udongo ana haki ya kujua ulipitia mikononi mwa nani.

Baada ya safari

Mkifika nyumbani, gambuti zibaki nje, nguo ziingie beseni, na kila mtu akaguliwe kupe nyuma ya masikio na kwapani. Chakula cha jioni kikiandaliwa, mtoto ndiye azungumze kwanza. Akikosea, akisema kiluwiluwi hugeuka samaki, usimrukie. Mwulize aliona nini kilichomfanya aseme hivyo, na mpange kurudi kuhakikisha.

Mwalimu akimpa kazi ya mradi wa mazingira, kama mtaala huu wetu unavyopenda, ukae mbali na gundi. Tunajuana. Tumekesha tukikata manila na kuchora mzunguko wa maji, asubuhi mtoto anabeba kazi nadhifu ya baba yake. Majani aliyoyakusanya yabandikwe yakiwa yamepinda. Jina la mti aliandike jinsi kogo alivyolitamka.

Sasa bado mlango mmoja umefungwa, nao ni wa kiwanda. Ndani ya viwanda vyetu vya chai, Momul, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na vinginevyo vya wakulima wadogo, kuna somo lile la rangi ya shaba kwa kiwango kikubwa, na harufu ambayo mtoto akiipata hataisahau. Viwanda hivyo vina wenyewe. Kogo anayepeleka majani kituoni ni mwenye hisa, na wakurugenzi huchaguliwa kwa kura yake. Kutenga Jumamosi moja kwa mwezi, watoto wakavaa kofia na makoti, wakapitishwa na fundi mmoja mwenye subira kutoka chumba cha kunyaushia hadi kwenye magunia, hakutavunja kampuni. Mkutano mkuu wa mwaka ukifika, mwombeni kogo ainue mkono aliulize jambo hilo, na mjukuu wake awe ameketi kando yake na gambuti zake.